Vigingi Vinne vya Mkandaa

Sumail, baba yangu,

Tulipoteza ruloti kumi na tatu Jumatano ya mwisho kabla ya Ramadhani, saa tatu na dakika kumi asubuhi, kwa sababu ya vigingi vinne vya mkandaa, kila kimoja urefu wa kidole changu kidogo. Dakika hizo hizo, katika karakana ile ile, nilipoteza kitu kingine ambacho sijakitaja kwa mtu. Hicho ndicho kinachonikalisha hapa na kalamu wakati ningepaswa kukusaidia kufunga mzigo.

Naandika jua bado liko juu ya bati. Umekwenda kumuaga bibi yako, nami namjua mama yangu, hatakuachia kabla ya magharibi. Atakulisha, atakusomea dua, atakulisha tena. Kwa hiyo nina saa mbili, na ulimi wangu hauna pa kukimbilia kwa sababu haupo kazini. Uso kwa uso nisingeweza. Ningeanza vizuri, halafu ningekukaripia kuhusu viatu.

Sitakwambia ule nini huko Nacala unakokwenda kesho wala ulale na nani chumba kimoja. Una miaka ishirini na tatu. Kama hujui kufua shuka mpaka leo, karatasi haitakufundisha.

Nataka kukusimulia mambo ambayo ulikuwepo. Ulikuwepo, lakini ulikuwa unayaangalia kwa macho yako. Yaangalie kwa yangu.

Wale watu wa barabara walipokuja na ruloti zao kumi na tano, zile nyumba za magurudumu zinazovutwa na gari, mimi nilizicheka kabla hazijasimama. Kitanda, meza, jiko la kugeukia mtu mmoja, kiyoyozi. Mafundi wao walale humo huku wakitengeneza barabara ya kwenda Pundanhar. Mpaka hapo sawa, mtu lazima alale. Lakini kila moja walitaka ifungwe televisheni ukutani. Televisheni, Pundanhar! Unakumbuka nilivyomuuliza encarregado, msimamizi wao? "Itaonyesha nini huko, senhor? Mihogo?" Akasema imeandikwa kwenye plano, ule mchoro wao, na kilichoandikwa kinafungwa. Nikamdharau pale pale. Mtu ana kalamu tatu kwenye mfuko wa shati na hata moja haijui kuuliza kwa nini.

Kazi ni kazi, hata ya wajinga. Akatupa ruloti mbili za majaribio. Zikikaa wiki tatu bila tatizo, kumi na tatu zilizobaki ni zetu. Moja nikachukua mimi, ya pili nikakupa wewe. Nilikuwa tayari nimezipigia hesabu zote: tundu nne kila ukuta, mara ruloti kumi na tatu, hamsini na mbili. Vigingi hamsini na mbili vilikuwa vinakauka juu ya paa kabla encarregado hajafunga mlango wa gari lake.

Vile vigingi ndivyo vilivyonitoa nilikotoka, ndiyo maana siwezi kuvisema kwa wepesi. Baba yako alipokwenda zake Mtwara aliacha nyundo moja yenye mpini uliopasuka na wewe una miezi minane. Sikurithi karakana mimi. Nilianza kwa kubeba mawe ya matumbawe kwa mafundi wa kiume ambao hawakujua kusoma futi kamba, wanashika upande wa inchi wanadhani ni sentimita, halafu wananiambia nikae mbali, wanawake wana nuksi kwenye msingi. Nilikaa mbali kwa hatua mbili na nikaangalia. Miaka miwili ya kuangalia. Nilipojua wanachojua, nikajua pia wasichokijua, na hicho kilikuwa kingi zaidi.

Kigingi cha mkandaa nilikikamilisha mwenyewe. Mti mkavu wa mikokoni, siku ishirini na moja juani, pande nne, kinene kuliko tundu kwa unene wa ukucha. Unakipiga mpaka sauti ibadilike. Halafu unakiacha na ukuta wake. Nyumba zetu za mawe na chokaa hazikauki, zinavuta chumvi mwaka mzima. Kigingi kinakunywa unyevu, kinavimba, kinakuwa jiwe ndani ya jiwe. Zile bucha za plastiki za kushikia skrubu wanazouza sokoni, za rangi rangi kama peremende, nimeziona zikitoka ukutani kwa mzigo wa kalenda.

Saa ya msikitini niliipachika mimi. Wazee walisubiri mpaka watu wamalize swala ya adhuhuri, wakaniingiza kama wanaingiza kitu cha magendo, wakasimama nje wakiangalia barabara. Walitaka saa, ila walikuwa wanaona haya na fundi wake. Ina miaka kumi na tisa pale. Vita vilipotukimbiza hapa Palma mpaka mjini Pemba, tukarudi, tukakuta mlango wa karakana umebebwa, bati zimebebwa, mashine yangu ya kuranda imebebwa. Nikaenda msikitini kuangalia. Saa ilikuwa ukutani. Betri imekwisha, kioo kina vumbi, na pembeni alama za bisibisi, mahali mtu alipojaribu kuing'oa akachoka. Yule mwizi alinipa sifa kubwa kuliko wazee wote wale. Nikaanza tena siku hiyo hiyo, kwa mbao mbili na kiburi.

Kiburi hicho ndicho nilichoingia nacho kwenye ruloti.

Ukagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, ukasikiliza, ukagonga pengine. Ukasema, "Mama, huu si ukuta. Hili ni gari lenye mapazia."

Nikakujibu, "Mimi natoboa kuta tangu wewe hujui kutambaa."

"Kuta zimesimama, Mama. Hii inatembea."

"Na mimi natembea. Mbona masikio hayajaanguka?"

Ukacheka. Nikafurahi kwamba umecheka, nikadhani nimeshinda. Hivyo ndivyo nilivyobishana na watu maisha yangu yote: nikimchekesha mtu, nahesabu nimemjibu.

Ulikuwa umenionyesha kila kitu. Nje bati jembamba, ndani plaiwudi ya milimita tatu, katikati povu jeupe kama la friji. Kitu cha maana ni zile mbavu za mbao tu, moja kila sentimita sitini, upana wa vidole viwili. Nilizisikia na mimi, si kiziwi. Nikasema vizuri, vigingi vitaingia kwenye ubavu. Nikatoboa, nikapiga, sauti ikabadilika vile vile ninavyoijua. Televisheni kilo sita, kishikio chake cha chuma kilo mbili. Jumla nane. Nikaning'iniza gunia la mchele la kilo ishirini na tano, mara tatu na zaidi, kutoka asubuhi mpaka asubuhi. Halikushuka hata unywele. Nikakuita uje uone.

Ulisimama mlangoni na penseli sikioni. "Mchele umetulia, Mama. Lakini mchele haujapelekwa Pundanhar."

Nfaume, fundi simu, alikuwa amekuja kuchungulia, kama kawaida yake, mtu ambaye dunia nzima ameishika kwa gundi ya pande mbili. Akasema ati kuna gundi mpya, unabandika tu, hakuna kutoboa. Nikamuuliza kama na meno yake kayabandika. Mbele yake nisingekubali kufundishwa na mtoto niliyemzaa. Nikakwambia ufunge mdomo, ukafunge na ya kwako vile vile, kwa vigingi.

Ukasema, "Sawa, Mama." Ukaingia kwenye ruloti yako ukavuta mlango. Nikasikia unatoboa. Sikuja kuangalia. Nilijua utafanya nilivyosema, kwa sababu siku zote ulifanya.

Ya kwangu ilikaa siku nane. Aliyenisimulia ni Bacar, dereva wao, yule mrefu wa Quionga. Siku nne kiyoyozi kilikuwa kinanguruma bila kuzimwa, kwa sababu mpima ardhi aliyelala humo alitaka baridi kama yuko kwao. Sasa fikiri, na mimi nilifikiri nikiwa nimechelewa: kigingi changu kimezoea ukuta unaolia maji. Humo ndani hewa ilikuwa kavu kama biskuti. Hakikuvimba. Kilisinyaa. Halafu wakaivuta ruloti kwenye mashimo yale, kila shimo likiipa televisheni uzito mara nne, mara tano ya ule wa mizani. Kilo nane zikawa arobaini, si mara moja, mara elfu, juu, chini, juu, chini. Gunia langu la mchele lilining'inia kwa adabu siku moja. Nililijaribu jambo ambalo halikuwa swali lenyewe.

Walifika Pundanhar, wakaegesha, wakawasha jenereta. Asubuhi mpima ardhi akatoka nje kuosha uso. Alikuwa na povu la sabuni machoni aliposikia mshindo. Alirudi akakuta televisheni imelala juu ya mto wake, kona ya chuma imeupasua, na pamba iko kila mahali. Kilo nane, kutoka mita moja na nusu, mahali penye kichwa. Angelala dakika tatu zaidi, leo nisingekuwa naandika habari za kazi iliyopotea.

Sasa tufike Jumatano. Encarregado alishuka kwenye gari akifoka kuhusu vigingi, na mfuko wa plastiki wa bluu mkononi, akauweka juu ya meza ya msumeno, akageuka kunitazama. Bacar alibaki mlangoni anachezea funguo. Nilikuwa upande wa meza, wewe hatua tano nyuma yake. Mfuko ulikuwa wazi kidogo. Nikaona vigingi vinne, na kila kimoja kina pande nne.

Wewe huchongi pande nne. Wewe vyako huwa unavisugua msasa mpaka viwe mviringo kama penseli, na nimekugombeza kwa hilo tangu una miaka kumi na tano. Nisingehitaji hata kuvishika. Ni kama kuona mwandiko wangu.

"Quem foi?" akauliza. Nani aliyefunga?

Nilikuwa navuta pumzi. Wallahi nilikuwa navuta pumzi ya kusema. Na wewe, kutoka nyuma yake, ukainua mkono kama uko shule. "Fui eu, senhor. Ni mimi."

Akatoa kalamu. Moja haikuandika, akatoa ya pili. Akafungua daftari lake la watu wa kuingia getini Afungi, kwenye mradi wa gesi, na kwenye kambi zao, maana hawa wa barabara na wale wa huko daftari lao ni moja. Akauliza jina lako linaandikwaje. Ukamtajia, taratibu, kwa heshima. S. U. M. A. I. L. Herufi sita, Sumail. Kalamu yake ilikuwa nzito, kila herufi ilichukua muda wake. Nilikuwa na nafasi sita za kufungua mdomo, moja baada ya nyingine, na nilizihesabu zikipita. Ya mwisho aliizungushia mkia.

Halafu akaandika mbele yake, não entra. Haingii. Akaniambia mimi, "Dona Awa, karakana yako sina tatizo nayo, lakini huyu usimlete tena kwenye kazi zetu. Na ruloti zilizobaki nitatafuta wengine." Akafunga kalamu.

Nikasema, "Obrigada, senhor."

Nilimshukuru! Nimewadharau watu wengi kwenye maisha haya, wengine kwa haki, lakini sijapata kumdharau mtu kama nilivyomdharau mwanamke yule aliyesema asante.

Nilijifariji kwa kitu kimoja. Nilijiambia hukuviona vile vigingi. Mgongo wa encarregado ulikuwa katikati, mfuko ulikuwa wa bluu, ulikuwa hatua tano. Nikasema: anadhani ni televisheni yake iliyoanguka, amesema ukweli anaoujua, nikimsahihisha sasa nitampotezea na karakana. Ruloti zote mbili zilikuwa za vigingi, si nilimwamuru? Basi ilikuwa bahati tu, ingeweza kuwa ya yeyote. Uongo huo nimeula miezi mitano, asubuhi na jioni, na haukunikaa tumboni hata siku moja.

Na kwa kuwa haukukaa, nikaukalisha kwa nguvu. Nfaume alipokuja na mdomo wake, "Mama Sumail, nasikia televisheni zenu siku hizi zina mabawa," unakumbuka nilichomjibu? Ulikuwa pale, unaranda fremu ya mlango. Nilimjibu, "Vijana wa siku hizi hawajui kushika nyundo." Randa ikasimama. Nikahesabu mpaka nne, ikaendelea. Hukuinua kichwa. Nfaume akacheka, nami nikamchekea Nfaume, mtu wa gundi, juu ya mgongo wako.

Ndivyo nilivyo, baba, na si kwa siku hiyo tu. Mlango wa kwanza niliowahi kupachika, wa mfanyabiashara mmoja wa mchele, ulikuwa unajifungua wenyewe usiku. Nilisema mbao ni mbichi. Mbao haikuwa mbichi, bawaba ya juu niliiweka nje kwa milimita tano, nilijua kabla sijashuka ngazi. Rafu ya dispensari iliyokatika, nilisema chokaa ni mbaya. Miaka ishirini na mbili ya kazi, na chokaa imebeba makosa yangu mengi kuliko mizigo ya watu. Chokaa haisemi, na nilizoea vitu visivyosema. Halafu siku moja kitu kisichosema kikawa wewe.

Sasa juzi.

Juzi ulipokwenda kuulizia nafasi kwenye gari la Nacala, niliona ruloti imeegeshwa kwa fundi wa tairi, ng'ambo ya barabara. Namba mbili, ile ya kwako. Bacar alikuwa amekaa kwenye gogo anakula embe bichi na chumvi. Nikamwambia nataka kuingia mara moja, niangalie kitu.

"Ingia, Mama. Ukitaka kulala kiyoyozi kibovu."

"Televisheni yake ipo?"

Akanitazama kama nimemuuliza kama gari lina usukani. "Hiyo? Barabara ile imenitoa jino mimi, Mama, hili hapa, tazama. Hiyo haijacheza hata siku moja. Mwanao yule ni fundi, sijui kwa nini walimwandika."

Nikaingia. Kwanza nikaona hukuifunga pale plano iliposema, mwishoni mwa ruloti juu ya kitanda. Umeileta katikati, juu ya ekseli, mahali panaporuka kidogo kuliko pote. Nikachukua bisibisi nikaifungua. Nyuma yake kuna ubao, plaiwudi ya milimita kumi na nane, upana wa sentimita sabini, umelala juu ya mbavu mbili. Skrubu sita kwenye ubavu huu, sita kwenye ule, na gundi ya mbao katikati. Kishikio kimefungwa kwenye ubao kwa bolti nne za milimita nane, na nati zake uliziweka nyuma kabla ubao haujapanda, zile zenye plastiki ndani zisizolegea. Washa pana kila moja. Chini ya televisheni kirafu chembamba kilichovikwa mpira wa tairi, ikae juu yake safarini. Na mkanda! Mkanda wa kiti cha gari bovu, pamoja na kifungo chake, unaipitia tumboni, unafungwa wakati wa kuondoka na kufunguliwa wakati wa kufika. Nilifunga nikafungua, nikafunga nikafungua. Tak. Tak.

Nikaushika ubao kwa mikono miwili nikajivuta miguu ikanyanyuka. Kilo sitini na nane zangu. Ruloti iliinama, ubao haukuinama.

Kigingi hakuna. Hata kimoja. Hata tundu la kigingi.

Nikakaa kwenye kile kitanda. Bacar akaingiza kichwa, "Mama, kuna nini?" Nikamwambia vumbi.

Hesabu yake ni fupi, Sumail. Kama ruloti yako haikuwa na vigingi, basi mfuko wowote wenye vigingi hauwezi kuwa wako. Hukuhitaji kuviona. Ukishasikia neno moja tu, kwamba kilichoanguka kilikuwa kwenye vigingi, ulijua ni cha nani. Na encarregado alikuwa anapiga kelele za vigingi tangu anashuka kwenye gari. Ulijua. Ulisimama hatua tano nyuma yake ukijua, ukainua mkono ukijua, ukataja herufi sita ukijua, ukasikia nikimshukuru. Ukaja kusikia nikikucheka na Nfaume, ukasimamisha randa, ukaendelea kuranda.

Siku mbili hizi unaniuliza, "Mama, mbona kimya?" Ndiyo hiyo mbona.

Nimekuudhikia, na sitalificha hilo kwenye barua ambayo nimekaa kusema kweli. Lile kosa lilikuwa langu. Nilikata mti mwenyewe, nilichonga mwenyewe, nilipiga mwenyewe. Ulilichukua bila kuniuliza, kama mtu anavyomtua mzee ndoo kichwani. Nani alikwambia nimezeeka? Ulinihurumia mbele ya mtu mwenye kalamu tatu. Ningependa ungenigombeza. Ningependa siku ile ile ungenivuta mkono ukaniingiza kwenye ruloti yako ukasema, tazama, we mwanamke mbishi. Badala yake uliniacha nibaki fundi mkubwa wa mtaa, na ukabaki na jina lisiloingia getini. Ulinitunzia sifa kama unavyomtunzia mtoto puto.

Halafu nikikasirika mpaka hapo, nakumbuka nani alikufundisha kunyamaza mbele yangu, na hasira inakosa pa kukaa.

Unasema unakwenda Nacala kwa sababu kuna kiwanda cha kutengeneza mabodi ya malori na wanalipa vizuri. Labda. Lakini kabla ya Jumatano ile ulikuwa hujawahi kulitaja neno Nacala isipokuwa kwenye habari ya mpira. Unakwenda kwa sababu hapa, kutoka Palma mpaka Afungi, kila geti lina nakala ya daftari lile. Mimi ndiye niliyekufungia mzigo, miezi mitano iliyopita, na nilikuwa sijui kwamba naufunga.

Huko Nacala watakuwepo wengi wa aina yangu. Mafundi wakubwa wenye kiburi, na chini yao chokaa. Watakutazama usoni siku ya kwanza na watajua wewe ni wa kuinua mkono. Hawatakuhurumia kama nisivyokuhurumia mimi. Kitu kikianguka watageuka wote kukutazama. Ukiinua mkono kwa kitu usichofunga, Sumail, mtu aliyekifunga atafunga kingine kesho vile vile. Mimi baada ya Jumatano ile nilipachika makabati mawili kwenye nyumba ya mwalimu. Kwa vigingi. Hakuna aliyenizuia, kwa sababu ulikuwa umeshanizuilia aibu. Jana nimekwenda kuyafungua yote mawili, nimerudishia bolti. Mwalimu akauliza kulikuwa na nini, nikamwambia fundi wa kwanza alikuwa mjinga. Akasema, "Si ni wewe?" Nikamwambia ndiye huyo huyo.

Lilikuwa zoezi. Nilitaka kuona kama mdomo unaweza. Unaweza.

Sasa nifike kwenye ninachotaka, kwa maana nasikia bibi yako anakusindikiza, kile kicheko chake kiko kwenye kona.

Gari la Nacala linapiga honi hapa barazani saa kumi na moja alfajiri. Encarregado anafika ofisini kwao, hapa hapa Palma, saa kumi na mbili na nusu. Kati ya hapo kuna saa moja na nusu, na kuna gari lingine la Nacala Jumamosi, nimeuliza, nafasi ipo. Mimi kesho saa kumi na mbili na nusu nitakuwa mlangoni kwake, na kigingi kimoja cha pande nne mkononi, nilichokichonga leo makusudi ili akilinganishe. Nitamwambia achukue kalamu, yoyote katika zile tatu, afute jina lako na aandike langu. Akitaka kuifuta na karakana, aifute. Nilianza kwa nyundo ya mpini uliopasuka, na ile nyundo ninayo. Akinicheka nitamwonyesha mahali alipokosea kwenye plano yake, pale mwishoni mwa ruloti, mbali na ekseli, kwa kuwa na yeye ana sehemu yake na sitamwachia.

Nitakwenda uwepo usiwepo. Hilo halina mjadala na si la kuniombea ruhusa. Sikuulizi kama niende.

Nakuuliza hivi: utakuja usimame pale ukisikia, au utapanda gari la saa kumi na moja?

Uliposema uongo kwa ajili yangu nilikuwepo nikausikia wote. Nataka na ukweli uusikie, kwa masikio yako, ukiwa mbele ya meza, si nyuma ya mgongo wa mtu. Ukipanda gari sitakulaumu, nimekupa sababu za kutosha. Lakini sitaki "tutaona, Mama." Sitaki "sawa, Mama," hilo nimelisikia sana na sasa najua lina nini nyuma yake. Sitaki unikumbatie ukidhani umejibu.

Barua naiweka juu ya begi lako, na penseli yako juu yake. Andika chini ya jina langu, ndiyo au hapana, kabla honi haijapigwa. Nitakuwa macho.

Mama yako,
Awa

A. W. A. Herufi tatu tu. Hata kwa kalamu nzito ya encarregado hazitachukua muda.